Kugawa Shamba kwa Eneo: Mwongozo kwa Familia na Masavea wa Ishiara

Upande wa Ishiara, mashamba mengi ya urithi bado hugawanywa kwa kamba. Upande wa barabara unapimwa na kugawanywa kwa idadi ya watoto, kisha upande wa nyuma unafanyiwa vivyo hivyo. Vigingi vinachomekwa, mkonge unapandwa mpakani, na kila mtu anarudi nyumbani akiamini kwamba amepata sawa na nduguye. Kama shamba ni mstatili kamili, kweli wamepata sawa. Lakini ardhi ya Mbeere Kaskazini imekatwakatwa na vilima, makorongo na vijito vinavyoteremkia Thuci na Tana, na shamba lenye pembe nne za mraba huku ni la kutafuta kwa tochi.

Chukua shamba hili la mfano. Mbele, kando ya barabara, lina mita 120. Ubavu wa kushoto una mita 150.2, wa kulia mita 170.4, na nyuma mita 141.4. Eneo lake ni mita za mraba 20,780, yaani hekta 2.078, au ekari 5 na kidogo. Ukiligawia watoto wanne kwa kamba, kila mmoja mita 30 mbele na mita 35.36 nyuma, wa kwanza kushoto atapata mita za mraba 4,970, wa pili 5,120, wa tatu 5,270 na wa nne 5,420. Kati ya wa kwanza na wa nne pana tofauti ya mita za mraba 450. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita za mraba 464.5. Kwa hiyo mtoto mmoja amepunjwa karibu ploti nzima, na hakuna aliyekusudia kumpunja.

Programu za kuchorea ramani kwenye kompyuta zinamaliza tatizo hili kwa dakika chache, mradi anayezitumia ajue anachokitafuta. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana aliyesomea upimaji na ana AutoCAD kwenye kompyuta yake, na pia kwa mwenye shamba anayetaka kuelewa savea anamfanyia nini. Tahadhari moja kabla ya yote: Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, haimruhusu kila mwenye kompyuta kugawa ardhi iliyosajiliwa. Mchoro wako utasaidia familia kukubaliana na utaokoa muda, lakini kazi itakayofika kwa msajili lazima ifanywe na savea mwenye leseni au savea wa serikali.

Anza na karatasi

Fanya upekuzi rasmi, ule watu wanaouita sachi, katika ofisi ya usajili wa ardhi inayohudumia Mbeere. Sachi itakuonyesha mwenye hati ni nani, eneo lililoandikwa ni hekta ngapi, na kama kuna deni la benki au zuio lolote juu ya shamba. Kama jina lililo kwenye hati ni la marehemu, weka kompyuta kando. Urithi lazima upitie mahakamani kwanza chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hadi wasimamizi wa mirathi wathibitishwe na mgawo wa kila mrithi uandikwe. Ukichora kabla ya hapo, ujue unachora mapendekezo tu.

Pata pia nakala ya ramani ya usajili ya eneo hilo, na uisome kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya Mbeere ilianza kupimwa na kuandikishwa katika miaka ya 1970 chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968. Ramani za kazi ya aina hiyo zilitegemea sana picha za ndege, na mipaka iliyofuatwa ilikuwa ua, njia na mikondo ya maji. Ndiyo maana kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema mipaka ya ramani hizo ni ya makadirio, isipokuwa pale ambapo imeandikwa kwamba imethibitishwa rasmi. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:5,000, milimita 1 ya karatasi ni mita 5 shambani. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 2 na nusu. Usichukue rula, ukapima ramani hiyo, ukaja kugawa shamba hadi sentimita.

Pima shambani, usipime kwa macho

Tembea mipaka na wenye shamba pamoja na majirani wote wanaopakana nao. Kila kona ikubaliwe na pande zote mbili kabla ya kupimwa. Jirani akikataa kona, simamisha kazi. Mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huanzia kwa msajili wa ardhi, na mahakama haiusikilizi mpaka msajili awe ameuamua mpaka huo.

Kifaa unachopimia ndicho kitakachoamua uzito wa namba zako. Simu ya mkononi inaweza kukosea mita 3 hadi 5, na zaidi ya hapo chini ya miti. Kwa sehemu yenye upana wa mita 30, mita 3 ni moja ya kumi ya urithi wa mtu. Simu inatosha kwa kukagua na kukadiria. Kwa kugawa, tumia totalstesheni au kipokezi cha setilaiti chenye masahihisho ya papo kwa papo.

Kama huna budi kutumia utepe, kumbuka kwamba eneo la ardhi huhesabiwa kwa umbali wa mlalo. Kwenye mteremko wa digrii 15, mita 100 za utepe uliolazwa juu ya udongo ni mita 96.6 tu za mlalo. Inua utepe uwe sawa, upime vipande vifupi, na ushushe timazi kila unapokatia.

Kisha kuna suala la mfumo wa kodineti. Vipokezi vya setilaiti hutoa kodineti za WGS84. Ramani nyingi za Kenya zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960, na eneo la Ishiara liko katika ukanda wa 37 Kusini wa UTM. Ukichanganya mifumo hiyo miwili, shamba litasogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, lifike kwa mtu mwingine kabisa. Eneo halitabadilika, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, maana hesabu zote zitaonekana safi. Jipe kipimo cha haraka: karibu na Ishiara, namba ya mashariki inapaswa kuwa 360,000 na kitu, na ya kaskazini iwe karibu na 9,950,000. Ukiona vinginevyo, umekosea ukanda, umegeuza namba, au umesahau kwamba tuko kusini ya ikweta.

Andaa mchoro

Kwenye AutoCAD, fungua amri ya UNITS na uchague mita, zenye desimali tatu. Tengeneza tabaka tofauti kwa mpaka wa zamani, mipaka mipya, barabara, majengo na maandishi. Ingiza kona kwa amri ya PLINE, mashariki kwanza halafu kaskazini, na ufunge umbo kwa herufi C. Umbo lisilofungwa ni chanzo cha makosa mengi, kwa sababu programu italifunga yenyewe wakati wa kupima eneo bila kukuonya kwamba kona moja imesahaulika.

Tumia amri ya AREA, chagua kupima kitu kizima, usome jibu. Gawanya kwa 10,000 upate hekta. Ukitaka ekari, gawanya mita za mraba kwa 4,046.86.

Sasa linganisha na hati. Tuseme hati ya shamba letu la mfano inasema hekta 2.1, na wewe umepata 2.078. Upungufu ni mita za mraba 220. Kwa mipaka ya makadirio hilo si jambo la kushtua, lakini lazima familia ilijue kabla ya kugawana. Kinachogawanywa ni ardhi iliyopo. Ukiahidi kila mtoto robo ya 2.1, wa mwisho ndiye atakayekosa. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, chunguza kwanza: pengine barabara imepanuliwa, jirani amesogea, au kona imerukwa.

Kama huna AutoCAD, LibreCAD na QGIS ni za bure, na mbinu zinazofuata zinafanya kazi humo pia. Wenye Civil 3D wana zana maalumu za kukata viwanja kwa eneo, za kusogeza mstari au kuuzungusha. Hata hivyo, ijue hesabu iliyo nyuma yake, ili siku programu ikileta jibu la ajabu ulitambue.

Toa kwanza kisichogawanywa

Kabla ya kukata fungu la mtu yeyote, toa vya wote. Kila kipande kipya lazima kifikiwe bila kupita kwa jirani. Katika mfano wetu, vipande vyote vinne vinagusa barabara, kwa hiyo hakuna njia ya ndani inayohitajika. Familia ikiamua kugawa kwa kukingama, mmoja mbele na wengine nyuma yake, njia ya upana wa mita 6 ikipita ubavuni kwa mita 150 itakula mita za mraba 900, karibu ploti mbili za 50 kwa 100. Ulizia ofisi ya mipango ya kaunti upana inaoukubali kabla ya kuchora, maana mchoro wenye njia finyu hurudishwa hapohapo mezani.

Kama shamba linashuka hadi mtoni, chora na ukingo wa mto. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilitaja ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingoni, kutegemea ukubwa wa mto. Ukanda huo hubaki ndani ya hati, lakini haujengwi wala haulimwi ovyo. Anayepewa kipande cha mtoni anapata hekta zilezile zenye matumizi machache zaidi.

Mbinu ya kwanza: kuzungusha mstari

Turudi kwenye watoto wanne. Kila mmoja anastahili 20,780 gawanya kwa 4, yaani mita za mraba 5,195. Familia imekubaliana kwamba upande wa barabara ugawanywe sawa, mita 30 kwa kila mmoja, kwa sababu mbele ndiko kwenye biashara. Basi alama za mbele zimeshikiliwa, na zinazotafutwa ni alama za nyuma.

1. Chora mstari wa majaribio kutoka alama ya mita 30 mbele hadi alama ya mita 35.36 nyuma, ukipima kutoka kona ya kushoto.
2. Pima eneo la kipande cha kwanza kwa BOUNDARY na AREA. Ni 4,970. Kimepungua 225.
3. Kutoka alama ileile ya mbele, chora mstari unaoangukia mpaka wa nyuma kwa pembe mraba. Urefu wake ni mita 153.87.
4. Zidisha upungufu kwa 2, ugawanye kwa urefu huo: 450 gawanya kwa 153.87 ni mita 2.92.
5. Sogeza alama ya nyuma kwa kiasi hicho. Sasa iko mita 38.28 kutoka kona ya kushoto, na kipande kina mita za mraba 5,195.

Hakuna kubahatisha hapo. Mstari unapozunguka kwenye alama iliyoshikiliwa, eneo linaloongezeka ni pembetatu, na eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kwa hiyo jibu hupatikana kwa hatua moja, mradi mpaka wa nyuma umenyooka. Ukiwa na kona katikati, mstari ukivuka kona hiyo hesabu inaanza upya kwa upande unaofuata.

Kuweka alama kwenye mchoro ni rahisi: chora duara lenye kitovu kwenye kona ya kushoto na nusu kipenyo cha 38.28. Linapokatana na mpaka wa nyuma ndipo penye alama. Endelea na vipande vinavyofuata kwa njia hiyo hiyo. Alama ya pili itaangukia mita 74.51 na ya tatu mita 108.84. Upana wa nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia, utakuwa mita 38.28, 36.23, 34.33 na 32.58. Kwa macho, wa kwanza anaonekana kupendelewa. Kwa eneo, wote wako sawa. Mueleze kila mmoja jambo hili akiwa amesimama shambani, kwa sababu ndilo litakaloulizwa miaka kumi ijayo.

Mbinu ya pili: kusogeza mstari

Mara nyingine fungu moja hutolewa kabla ya mengine. Mama anabaki na boma lake, au familia inauza kipande ili kulipa karo. Hapo unahitaji mstari unaokwenda sambamba na mpaka uliopo.

Tuseme boma liko kushoto na mama anapaswa kupata mita za mraba 4,000. Gawanya 4,000 kwa urefu wa ubavu, 150.2, upate mita 26.63. Tumia OFFSET kunakili mpaka wa kushoto kwa umbali huo, na EXTEND au TRIM ili mstari uguse mbele na nyuma. Pima eneo: ni 4,050.6, kwa sababu mstari mpya ni mrefu kuliko ule wa zamani. Ziada ya 50.6 igawanye kwa urefu wa mstari mpya, mita 154, upate 0.33. Rudisha mstari hadi mita 26.30. Ukipima tena, kilichobaki ni tofauti ya mita za mraba 0.2 tu. Rudia mara moja zaidi ukitaka kuiondoa, ingawa hakuna kigingi cha chuma kitakachochomekwa kwa usahihi huo.

Ukimaliza kutoa fungu la mama, kilichobaki kichukulie kuwa shamba jipya, ukigawe kwa mbinu ya kwanza.

Hakiki kabla ya kuchapisha

Kila kipande kiwe umbo lililofungwa la peke yake. Jumlisha maeneo yote pamoja na njia. Jumla isipolingana na shamba zima, kuna pengo au mipaka imepandana. Angalia pia makadirio ya desimali: 0.5195 ikiandikwa 0.52 kwa watu wanne inakuwa 2.08, wakati shamba ni 2.078. Weka namba kamili kwenye mchoro wako hata kama hati zitaandikwa kwa desimali mbili.

Kwa wanaokata ploti za kuuza, jihadhari na lugha ya soko. Thumni ya ekari ni mita za mraba 505.9. Ploti ya 50 kwa 100 ni 464.5. Vitu hivi viwili huuzwa kwa jina moja, na mnunuzi hupoteza mita za mraba 41. Andika mita za mraba kwenye mkataba.

Programu inajua eneo tu. Haijui muguka ulipostawi, udongo unaofaa ndengu ulipo, wala mwamba ulipojitokeza. Familia ikiona kwamba kipande cha mwamba kinastahili kuongezwa, iamue kiasi hicho kwa maneno, kisha uingize namba mpya badala ya 5,195. Hesabu itabaki ileile.

Rudisha mchoro ardhini, kisha ofisini

Chapisha mchoro mmoja wenye kodineti za kila alama na umbali kati ya alama zinazofuatana. Simika vigingi, kisha pima mishazari ya kila kipande na uilinganishe na mchoro. Mishazari ikikubali, vigingi viko mahali pake.

Ofisini, mgawanyo wa ardhi ya kilimo unahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi chini ya Sura ya 302. Ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, na bila idhini makubaliano ni batili. Bodi inaweza kukataa ikiona vipande vitapunguza uzalishaji wa shamba. Kaunti nayo hutoa kibali cha mipango chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kisha savea mwenye leseni hujaza fomu ya mutesheni, ambayo hukaguliwa na savea wa serikali, ramani ya usajili hurekebishwa, na msajili hufunga hati ya zamani na kufungua mpya. Mali bila daftari hupotea bila habari: hifadhi nakala ya kila karatasi, pamoja na faili ya mchoro.

Kwa mwenye shamba, neno ni hili. Usitie sahihi kwenye mutesheni mpaka savea awasomee wote, mbele ya majirani, eneo la kila kipande na urefu wa kila upande, na jumla iwe imejumlishwa mbele yenu. Savea anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa, na familia iliyosikia namba hizo pamoja haitakuwa na cha kupeleka mahakamani.